Namba ya Tairi Iliyobandikwa Mlangoni

Mmeniuliza kanisani, mmeniuliza dukani, wengine mmenisimamisha barabarani: safari ya Mbale ilikuwaje, na mbona nilirudi nikiwa sisalimii watu? Kila mara nimejibu "nzuri tu" nikapita. Haikuwa nzuri. Nimechukua daftari langu ninaloandikia kila jioni, nimelisoma upya, na nimeona afadhali niwaandikie mara moja kuliko kusimulia vipande vipande. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo mkiona nimerudia jambo au nimeruka jingine, mnisamehe. Nitajaribu nisimwonee mtu, hata wale walionikera. Na walionikera ni wengi.

Mnamjua dada yangu Nekesa, yule mjane anayekaa Malukhu, kule Mbale. Yeye na wanawake wenzake sita walichimba bwawa la samaki nyuma ya nyumba yake kwa majembe na mabeseni, miezi mitatu, majirani wakiwacheka kwamba wanachimba kaburi la tembo. Mimi ndiye niliyewaambia, "Chimbeni, samaki nitaleta mimi kutoka Jinja." Niliahidi mbele ya wote saba. Gari sina. Pikapu ni ya Afande Okello wa Mpumudde, Jinja, askari jela mstaafu, na yeye hakubali gari lake litoke bila yeye kukaa ndani. Tukakubaliana: mimi niendeshe, yeye akae.

Jinja mjini, kwa muuza tairi

Tairi la nyuma kushoto lilikuwa limekatwa na jiwe. Asubuhi hiyo, kabla ya kwenda kupakia, tulipita kwa muuza tairi mmoja anayeitwa Waiswa. Afande alishuka, akaketi juu ya rundo la tairi kuukuu nje ya duka, akaweka redio yake ndogo sikioni.

Waiswa hakuinama hata kusoma. Alilitazama gari kwa mbali akasema, "Ssebo, bwana wangu, hii inavaa mia tisini na tano, kumi na nne, plai nane. Nunua sawa na ndugu yake wa kulia."

Plai ni yale matabaka ya nyuzi ndani ya tairi. Zikiwa nyingi, tairi linabeba mzigo mzito zaidi. Hilo nilikuwa nalijua. Nilikuwa najua na jambo jingine, na hapo ndipo kiburi changu kilipoanzia. Nilipokuwa utingo wa malori Malaba, dereva mmoja alinifundisha: usinunue tairi kwa kutazama lililopo, maana aliyekutangulia huenda alikosea. Fungua mlango wa dereva, soma karatasi iliyobandikwa ukingoni. Kiwandani wameandika hapo ukubwa wa tairi na upepo wake.

Nikafungua mlango. Karatasi ilikuwepo, imefifia lakini inasomeka: 185R14, plai sita, na kiasi cha upepo chini yake.

"Njoo usome," nikamwambia Waiswa. "Mia themanini na tano. Plai sita."

Akaja, akasoma, akakuna shingo. "Karatasi inasema hivyo. Lakini hii ya kulia ni mia tisini na tano. Na za mbele zote."

"Basi mwenye gari alidanganywa mara tatu. Unataka iwe mara nne?"

"Ssebo, mimi sijamdanganya mtu."

"Plai nane ni ghali zaidi, siyo?"

"Ni ghali, ee. Na ni ngumu zaidi."

"Basi nimekuelewa."

Nilisema hayo kwa sauti, mbele ya wateja wawili. Mmoja, aliyesikia lafudhi yangu, akacheka akasema, "Mkenya amesoma mlango." Nikaona nimeshinda. Waiswa hakubishana tena. Alifunga lile la mia themanini na tano, akataka kujaza upepo mwingi, nikamzuia: ajaze kama karatasi inavyosema, si zaidi. Akanitazama, akajaza kama nilivyosema.

Nataka mkumbuke kwamba muda huo wote Afande Okello alikuwa ameketi hatua nne kutoka hapo. Redio yake ilikuwa na betri dhaifu, haisikiki vizuri. Sisi tulisikika.

Mafubira hadi Iganga

Mfugaji wa Mafubira alikuwa ametuandalia vifaranga vya samaki aina ya ngege, kila kimoja urefu wa kidole cha mtoto. Tangi la plastiki likafungwa kamba nyuma ya pikapu, likajazwa maji mpaka shingoni, samaki wakamiminwa kwa ndoo. Kando yake tukapanga magunia matano ya chakula chao. Gari likakaa chini kama kuku anayeatamia.

Mfugaji ni mtu wa maneno machache. Alisema, "Hewa iliyomo majini itawatosha kwa saa nne tu. Msisimame kunywa chai. Wakianza kupanda juu kufungua midomo, jueni wanakufa."

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Kutoka pale hadi Malukhu ni mwendo wa saa tatu ukiendesha kwa adabu. Nikajiambia tuna saa nzima ya akiba.

Tulipopita Bugembe nilianza kuona usukani una ubishi. Nikiuachia kidogo, gari linavuta upande. Nikamwambia Afande.

"Barabara imelala," akasema.

"Imelala upande uleule njia nzima?"

"Wafula, endesha. Wewe ndio dereva, mimi ni mzigo."

Iganga tulisimama, na hapa lazima niseme ukweli: nilisimama mimi. Nilikuwa sijala. Kuna mama anayekaanga mihogo kando ya barabara na kuinyunyizia pilipili na chumvi, na mimi nikiona mihogo ile siwezi kupita. Dakika kumi, labda kumi na tano. Wakati anafunga mihogo nilizunguka nyuma ya gari nikasikia harufu ya mpira wa moto. Nikagusa tairi jipya. Lilikuwa moto kama sufuria. La kulia lilikuwa na joto la kawaida tu.

"Afande, tairi hili linachemka."

"Ni jipya. Kiatu mpya pia inauma."

Nikakubali. Nimejiuliza mara nyingi tangu siku hiyo kwa nini nilikubali. Nadhani ni kwa sababu kutokubali kungekuwa kusema kwamba nilikosea dukani, na bado nilikuwa natafuna ule ushindi pamoja na mihogo.

Kabla ya Namutumba

Tuliacha barabara kuu ya Malaba, tukashika ya Tirinyi. Kama kilomita tatu kabla ya mji wa Namutumba kulitokea mshindo, gari likaketi kushoto, maji ya tangi yakaruka nje na kutulowesha hata sisi mbele kupitia dirisha. Nilishikilia usukani kwa mikono miwili mpaka likasimama ukingoni. Tairi jipya, lililofungwa asubuhi hiyo, lilikuwa limepasuka ubavuni, limefunguka kama mdomo.

Nilishuka nikimtukana Waiswa. Matusi yenyewe siyaandiki. Nilisema ameniuzia tairi bovu kwa makusudi kwa kuwa nilimbishia. Nilisema nitarudi na polisi.

"Spea iko?" nikamwuliza Afande. Nilikuwa nimemwuliza pia asubuhi, akajibu "iko."

"Iko."

Ilikuwepo kweli. Ilikuwa imelala chini ya gari, haina upepo hata wa kupuliza mshumaa.

"Afande, hii haina upepo."

"Wewe aliuliza kama iko."

Haukupita muda, watu walikuwa wamejaa. Sijui walitoka wapi, pande zote ni mashamba. Mmoja aliuliza kama tangi lina maziwa, mwingine akasema ni pombe ya magendo, akaleta kikombe. Nilipofunua mfuniko, mwanamke mmoja alichungulia muda mrefu, akageuka kwa wenzake akasema, "Hawa ni samaki au ni viluwiluwi?" Wakacheka sana. Halafu akauliza bei. Nikamwambia si wa kuuza, ni wa kufuga. "Ukifika huko watakuwa wa kuzika," akasema. Aliyasema bila ubaya, lakini yaliniingia, kwa sababu nami nilikuwa nimeviona: vifaranga vilianza kupanda juu, vinafungua midomo.

Hapo ndipo Afande, ambaye mpaka sasa nimemsema vibaya tu, alivua saa yake akaitia mfukoni. Akapanda nyuma, akachukua jagi letu la maji ya kunywa. Akawa anachota maji ya tangi, anayainua juu ya kichwa, anayamwaga kwa kishindo, ili yaingie hewa. Hakuna aliyemwambia.

"Enda tafuta fundi," akasema. "Mimi iko na hawa."

Nilifunga spea nyuma ya bodaboda, nikakaa kati yake na dereva, nikaenda mjini nikiwa nimekumbatia lile lililopasuka kama mtoto mgonjwa.

Namutumba, kibandani kwa Mama Zaituni

Fundi wa tairi niliyeelekezwa, Mama Zaituni, alikuwa mwanamke wa makamo, amejifunga ushungi, mikono myeusi mpaka viwikoni. Alipoona nasita akasema, "Mume wangu alikuwa fundi. Alikufa, tairi hazikufa. Lete."

Niliweka zote mbili chini na kuanza kumshtaki Waiswa. Alinisikiliza huku akiliviringisha lile lililopasuka. Kisha akalisimamisha kando ya spea iliyotiwa upepo kidogo, akalaza ufito juu ya zote mbili. Ufito ulilala mshazari. Akaingiza kidole chake katika nafasi iliyobaki juu ya tairi langu jipya.

"Hili ni fupi kwa kidole," akasema. "Umevalisha gari kiatu kimoja cha baba na kimoja cha mama. Hili fupi linazunguka mara nyingi kuliko mwenzake, tena ni plai sita, tena ulilijaza upepo wa kubebea wachumba. Juu yake una nini?"

"Tangi la maji."

"Kubwa?"

"Kubwa."

"Aliyekuuzia hili alikudanganya?"

"Hapana," nikasema. "Yeye alisema mia tisini na tano. Mimi ndiye niliyesema mia themanini na tano. Niliisoma mlangoni kwa dereva. Mama, karatasi ya kiwandani inaweza kudanganya?"

Aliacha kazi. "Karatasi haidanganyi. Nataka kuuona huo mlango."

Alitia tyubu ndani ya spea, akaijaza, akapanda bodaboda ya pili na zana zake. Tulipofika, Afande alikuwa bado anachota, shati limeshikana na mgongo. Watu walikuwa wameacha kucheka. Yule mwanamke wa viluwiluwi alikuwa amepanda upande wa pili na sufuria yake mwenyewe, wanapokezana.

Mama Zaituni hakwenda kwenye tairi kwanza. Alifungua mlango wa dereva, akapitisha ukucha ukingoni. Rangi nyeupe ikabanduka, chini yake bluu. Akazunguka, akakwaruza mlango wa abiria. Nyeupe, na chini yake nyeupe. Akarudi, akanionyesha boliti za bawaba upande wa dereva: zimekwaruzwa na spana, wakati za upande ule mwingine hazijaguswa tangu kiwandani.

"Mlango huu si wa gari hili," akasema. "Ni wa ndugu yake, yule mwepesi wa kubebea mizigo midogo. Ulisoma sawasawa, kaka yangu. Ulisoma tairi la gari la mtu mwingine."

Niliinua macho kwa Afande.

"Ee," akasema, jagi mkononi. "Mlango ya kwanza iligongwa na ng'ombe, Soroti. Hii nilinunua Kampala kwa wale wa gari kuukuu."

"Afande. Ulikuwa pale dukani."

"Nilikuwa."

"Ulinisikia nikisoma mlango. Ulinisikia nikimwita mtu mwongo."

"Nilisikia. Wewe alikuwa anaongea namba ya tairi. Hakuna mtu aliuliza habari ya mlango."

Sijawahi kukasirika hivyo nikiwa sina wa kumpiga. Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii mzee. Nilimwambia ameketi kama mfungwa anayengoja chakula wakati mimi naharibu safari ya dada yangu kwa mlango wa ng'ombe wake. Akaendelea kuchota. Nilipomaliza akasema, polepole, "Wafula, mimi sikujua mlango inaandikwa tairi. Gari nimekuwa nayo miaka kumi. Ningejua, ningesema. Sasa hawa wanakufa, na wewe anaongea."

Nimelipima neno hilo kila siku tangu nirudi, na ninaamini hakujua. Kujua kwamba hakujua hakujapunguza hasira yangu. Kumeiondolea tu mahali pa kukaa.

Kuvuka Mpologoma

Spea ilikuwa mia tisini na tano, ya kimo sahihi, lakini upara mtupu, na ndani ilishikiliwa na tyubu. Mama Zaituni aliifunga, akaipiga teke, akasema haitabeba ule uzito mpaka Mbale. "Punguzeni."

Magunia tulimwachia yeye, aje ayatume na lori la mchele. Hayakutosha. Akatazama tangi. "Maji."

Nikasema maji yakipungua, samaki watabanana na hewa itakwisha upesi. Akasema maji yasipopungua tairi litapasuka tena na watakufa wote. Wote wakanitazama mimi, kwa sababu ndiye niliyetoa ahadi. Ningependa kuandika kwamba nilifikiri vizuri. Nilisema tu, "Mwageni theluthi," na yakatiririka mtaroni.

"Taratibu," Mama Zaituni akaniambia dirishani. "Ukipitwa na baiskeli usione wivu."

Afande alikataa kuja mbele. Alikaa nyuma kwenye jua, mguu mmoja umezuia tangi, anachota na kumwaga. Nilipitwa na baiskeli. Nilipitwa na mtu na mbuzi wake. Kupitia kioo nilimwona mzee wa miaka sabini anainua jagi, anashusha, anainua, na kila kishindo cha maji nilikihesabu kama pumzi. Nikawa nimemkasirikia, namwonea huruma, na ninaona wivu kwamba yeye ndiye anayefanya kazi ya maana.

Kwenye bonde la mto Mpologoma, pale penye mashamba ya mchele pande zote, aligonga paa la gari. Nikasimama. "Maji imekuwa moto," akasema. Nikashuka na ndoo mpaka majini, matope mpaka magotini, nikaleta ndoo nne za maji baridi. Alinionya nimimine kidogo kidogo wasishtuke. Nilitaka kumwuliza amejifunza wapi, nikakumbuka kwamba mchana huo tayari nilishasema vya kutosha. Midomo ilikuwa mingi juu ya maji. Baadhi ya samaki walikuwa wamegeuka ubavu.

Hatukula kitu tena. Mihogo ya Iganga iliyosalia ilibaki kwenye karatasi.

Malukhu

Tulifika saa kumi. Saa saba tangu Mafubira, na mfugaji alisema nne.

Wanawake wote saba walikuwa ukingoni mwa bwawa wamevaa nguo za kanisani. Hakuna aliyeshangilia walipoona Afande anavyoshushwa, mikono yake haikunjiki. Nekesa alipanda mwenyewe, akafunua tangi, akatazama ndani. Juu kulikuwa na tabaka la samaki weupe tumbo juu.

Nilishika ndoo nimimine upesi. Akanizuia mkono. "Wamezoea maji hayo. Ukiwatupa kwenye haya, hata wazima watakufa. Subiri." Basi tukasubiri nusu saa nyingine, tukiwahamishia kwenye mabeseni na kuchanganya maji ya bwawa na ya tangi kata kwa kata, wakati kila kitu mwilini mwangu kilitaka kukimbia. Mmoja wa wale wanawake alikuwa analia bila sauti. Ni yeye aliyechimba akiwa mjamzito.

Ndipo Nekesa akauliza, bila kunitazama, "Mlikawia wapi, kaka?"

Afande Okello alikuwa ameketi kwenye nyasi. Akakohoa. "Mama, mlango ya gari yangu—"

"Hapana," nikasema. "Nilichagua tairi vibaya. Aliyeuza aliniambia ukweli, nikamwita mwongo. Halafu Iganga tairi liliniambia, sikusikia. Waliokufa humu ni wangu. Walio hai ni wa Afande."

Niliogopa kwamba Nekesa atanionea huruma, au atapiga kelele. Alinitazama kwa muda wa mtu anayesoma kitu mara mbili. Kisha akavua viatu vyake vya kanisani, akaingia bwawani mpaka kiunoni na nguo zake zote, akaninyooshea mikono.

"Shika beseni upande huo," akasema. "Inamisha polepole. Polepole, nimesema."

Tukainamisha. Wa kwanza walitoka wamekufa, wakaelea kati yetu. Nikafumba macho. Nilipofumbua, kulikuwa na vivuli vyembamba vinapita pembeni mwa miguu yake, vichache, halafu vingi, vinazama kule penye maji meusi walikochimba zaidi, na Nekesa alikuwa tayari anaita beseni la pili.